Nyuzi Ishirini na Nne

Jumatatu saa nne asubuhi mizani ya kliniki ilisema mtoto wa dada yangu amepungua gramu hamsini, na mimi nikataka kubishana na mizani.

Sikuwa nimeingia. Nilikuwa nje, nimeegemea uzio, nikibadilisha mguu kila dakika kwa baridi ya Julai ya Johannesburg. Bi Fauzia ndiye aliyetoka kunieleza. Ni mwanamke wa Pangani anayeishi mtaa wa Bertrams, na alikuwa amehamia kwetu kumlea dada yangu siku zake arobaini. Alinieleza polepole, kama anayesoma hukumu. Mtoto, Zabibu, alipotoka hospitali Alhamisi alikuwa na kilo mbili na gramu tisini. Leo ana mbili na arobaini. Amezaliwa wiki tano kabla ya wakati wake, hana nyama ya kumkinga. Nesi alimshika miguu, akauliza chumba anacholala kikoje. Mtoto wa namna hii akiona baridi, maziwa anayonyonya yote anayachoma kujipasha moto, hayabaki ya kumnenepesha. Warudi Ijumaa. Kama uzito haujapanda, anarudishwa wodini.

Dada Sumaiya alikuwa amekaa siku kumi na tisa akimtazama mwanawe kupitia kioo. Siku waliyotoka aliniambia, ndani ya gari, kwamba hawezi kufanya vile mara ya pili. Hakulia. Alisema tu kama mtu anayetaja uzito asioweza kuubeba.

"Chumba kina joto la nyuzi ishirini na nne," nikamwambia Bi Fauzia. "Mwambie nesi. Mchana na usiku, ishirini na nne."

Aliniangalia kama mtu aliyeona nzi kwenye chai. "Nesi hakukuuliza wewe, baba. Ameshika miguu ya mtoto."

Ndani nilikuwa nachemka. Hizo nyuzi ishirini na nne zilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nyumba tunayopanga Bellevue ni ya zamani, matofali mekundu na dari ndefu, ilijengwa kwa ajili ya familia moja na sasa imegawanywa vyumba vinne. Kila chumba kina hita ya mafuta, ile nzito yenye mbavu. Lakini umeme wa nyumba haubebi hita nne. Ukiwasha ya tatu, mtu mwingine akachemsha maji ya chai, swichi kuu inajizima, na watu wanaanza kuulizana nani alikulia wapi bila adabu. Mwaka jana tuliishi hivyo kipupwe kizima. Mwaka huu nilisema basi.

Nafanya kazi katika karakana ya Pacifique, Mrundi mmoja mpole, huko Doornfontein. Tunatengeneza hita, pasi, majiko ya umeme. Chuo kiko ng'ambo ya barabara. Sikusoma pale wala popote. Nawaona wanafunzi wakipita na mikoba yao, na mara nyingi nimewaambia moyoni: nipeni vitabu vyenu wiki moja tu, kisha tushindane.

Kisanduku nilichokiunda kina vihisi viwili vya joto, kimoja ndani na kimoja nje. Watu hudhani cha ndani kinatosha. Hakitoshi. Cha ndani kinaijua baridi ikishaingia, na nyumba ya matofali ikishapoa inakula saa mbili kupata moto tena. Cha nje kinaiona baridi ingali njiani. Jua likishuka nyuma ya Hillbrow na hewa ya nje ikaanza kuporomoka, kisanduku kinawasha hita mapema, kidogo kidogo. Asubuhi nje ikianza kupata joto, kinazima kabla chumba hakijawa tanuri. Na hakiwashi hita zaidi ya mbili kwa pamoja. Kinazigawia zamu, kikianza na mwenye haki kubwa.

Mwenye haki kubwa alikuwa Zabibu. Kabla hajaletwa tulikaa jikoni, wapangaji wote, tukakubaliana: chumba cha mzazi kwanza, mpaka kifike nyuzi ishirini na nne. Kikifika, ndipo wengine wapate. Aliyekubali kabla ya wote ni Marcelline, mama kutoka Bukavu, Kongo, tunayemwita Mama Glody, ingawa yeye ndiye wa kupoteza. Chumba chake mchana ni saluni. Wateja wake hukaa saa tano wakisukwa, na kichwa kilicholowa hakipendi baridi. Alisema atawapa blanketi.

Nilitundika kihisi cha ndani mwenyewe, ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Pacifique alikuwa ameniambia nitenge kihisi na kile kidude kinachotuma vipimo kwenye simu, kwa sababu kidude hicho kikifanya kazi kinapata moto kidogo. Nilikataa. Nyaya zinazoning'inia ni kazi ya mtu wa mtaani. Niliviweka pamoja ndani ya kikasha kimoja cheupe, kisafi, chenye taa ndogo ya kijani inayowaka kila kipimo kinapotumwa. Nikakijaribu siku tatu, hewa ikikipitia vizuri, na hakikukosea hata nusu nyuzi.

Kisha dada akaja na mtoto, mlango ukafungwa kwangu. Huo ndio utaratibu wa Bi Fauzia, na ndio wa mama yetu Tanga: chumba cha mzazi haingii mwanamume ila mumewe. Mumewe, Othmani, yuko Durban, anapakua makontena, angekuja mwisho wa mwezi. Mimi mjomba nilizungumzia nje ya pazia. Uji wa pilipili manga uliingia, maji ya moto ya kumkanda yaliingia, nguo zilitoka. Mimi nilibaki na simu yangu na vipimo vyangu.

Nami sikukaa navyo peke yangu. Kila baada ya saa chache nilivituma kwenye kundi la simu la nyumba, ambamo wamo wapangaji, wateja wawili watatu wa Mama Glody, hata binamu zetu wa Mombasa. *Chumba cha mzazi: 24. Nje: 3. Hita: dakika arobaini kwa saa.* Watu waliweka vidole gumba. Jumapili nikaona jambo lililonifurahisha zaidi: tangu Ijumaa jioni hita ya chumba kile ilihitaji dakika chache tu kwa saa. Nikaandika kwamba kuta zimeshiba joto sasa, nyumba imeanza kujilea yenyewe. Binamu mmoja akaniita profesa.

Kwa hiyo Jumatatu ile, tuliporudi kutoka kliniki, nilikwenda moja kwa moja kwenye pazia, sijavua hata koti. Dada alikuwa akimbembeleza mtoto, namsikia.

"Naseeb," akasema, "humu mna baridi."

"Dada, kisanduku kinasema ishirini na nne."

"Mguu wa mtoto ni baridi. Nimeushika sasa hivi."

Nilimwambia neno ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. "Wewe ni mzazi, dada. Damu imekupungua. Baridi iko mwilini mwako, haimo chumbani."

Nikasikia akivuta blanketi.

Usidhani nilistarehe. Gramu hamsini zilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Lakini nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa pale nilipoambiwa. Nilianza na kihisi cha nje, kwa kuwa kiliwahi kunidanganya. Mwezi Mei nilikitundika ukuta wa kaskazini, nikasahau kwamba huku kipupwe jua hukaa kaskazini mchana kutwa. Kikapigwa jua, kikadhani Johannesburg imegeuka Tanga, hita zote zikalala. Nikakihamishia ukuta wa kusini, kivulini. Jumanne asubuhi nilipanda ngazi nikakikagua tena, nikakisogeza mbali na bomba la maji ya moto, nikashuka, nikapanda, nikakirudisha palepale.

Kisha nikawageukia watu. Nilimwambia Mama Glody wateja wake wanaacha mlango wa mbele wazi. Akasema mlango wa saluni ukifungwa ni msiba. Nikamgombeza Ezéchiel, mlinzi anayelala chumba cha nyuma, kwa kupiga pasi sare yake asubuhi wakati wa zamu ya mtoto. Akanionyesha sare: haikuwa imepigwa pasi tangu wiki iliyopita. Karakana niliunguza koili ya mteja. Pacifique akaniuliza kama vipimo viko sawa, nikamjibu kwamba vipimo havijawahi kuwa sawa kama sasa, naye akaendelea na kazi yake.

Jioni Othmani akapiga simu. Alikuwa amesikia habari za mizani. Nilijiandaa kujitetea, lakini hakunilaumu. Alisema wewe fundi uko hapo, mimi nina wasiwasi gani. Afadhali angenitukana.

Jumatano tuliamka na jalidi. Bomba la uani lilikuwa limeganda, na ndoo ya maji ilikuwa na ngozi ya barafu ambayo Mama Glody aliivunja kwa kisigino. Saa mbili mteja wake wa kwanza alikuwa ameketi. Nilipita kwenye mlango wao nikiwa na funguo mkononi, natoka kwenda kazini, akaniita.

"Ingénieur. Njo hapa."

Jina hilo, mhandisi kwa Kifaransa, hulisema kwa namna ambayo huwezi kulipokea wala kulirudisha. Nilisimama mlangoni. Alikuwa amevua sweta, mikono wazi, na mteja amelitupa blanketi sakafuni. Paji la uso la Mama Glody lilikuwa linang'aa.

"Miye nilikubali kufwa na baridi juu ya mtoto," akasema, huku vidole havisimami kwenye nywele. "Nilinunua mablanketi. Sasa juu ya nini ninatoka jasho?"

Nikamweleza kwamba chumba cha mzazi kimetosheka, ndiyo maana zamu imekuja kwake. Nikamweleza habari za kuta zilizoshiba.

"Kuta za kwako zinashiba, za kwangu hapana? Ni nyumba moja." Akafunga msuko, akashika mwingine. "Ulitufundisha hapo jikoni, ukachora na karatasi. Nje ikiwa barafu, ile chumba na madirisha yake mawili, hita inawaka dakika ngapi?"

"Arobaini kwa saa."

"Na leo nje ni nini?"

Nikatoa simu. Nilitaka kumwonyesha. Nje: nyuzi moja. Ndani: ishirini na nne. Hita ya chumba cha mzazi, saa iliyopita: dakika kumi na mbili.

Nilivitazama vitu vitatu hivyo vikiwa vimepangwa mstari. Haviwezi kuwa kweli vyote pamoja. Hita nilijua haidanganyi, naisikia ikiwaka na kuzima. Nje nilikuwa nimeiona barafu kwa macho yangu. Kilichobaki ni kile cheupe, kisafi, nilichokisifia mpaka Mombasa. Kwa siku tano kihisi cha nje kilikuwa kinanipigia kelele kwamba mwenzake anasema uongo, nami nilikuwa naweka kelele hizo kwenye kundi ili nipongezwe.

"Kama mtoto ameshiba joto, hili la kwangu ni la nani?" akasema Mama Glody, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye pazia.

Nilisema naingia. Bi Fauzia akatoka akasimama kati yangu na mlango, mfupi, kanga kifuani, mkono mmoja umeshika sindano za kufumia. Akasema siingii. Nikasema kihisi kimeharibika, mtoto anaganda. Akasema kama ni kihisi, kitatoka chenyewe. Mama Glody alikuwa amenifuata na chanuo bado liko kichwani kwake; akanipita kwa ubavu, akamwomba Bi Fauzia radhi, akaingia. Yeye ni mwanamke, ameruhusiwa. Nilimsikia akipanda juu ya kiti. Kisha nikasikia kicheko kifupi, kikakatika.

Akatoka nacho kwenye kiganja. Kikasha changu kilikuwa kimevaa kofia. Kofia ya sufu ya manjano, imefumwa kwa mkono, imekikaa barabara, na chini yake kuna kamba mbili zilizofungwa kwa fundo la kipepeo, kama kichanga anayepelekwa kupigwa picha.

Nilikivua. Kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Hapo nilielewa yote, na kila nilichokielewa kilikuwa na jina langu. Kidude cha kutuma vipimo kilikuwa kinapata moto wake mdogo, na ule moto, badala ya kwenda na hewa, ulibaki ndani ya sufu pamoja na kihisi. Kihisi kikapima joto la kofia. Chumba kikiwa nyuzi kumi na tisa, kofia ikiwa ishirini na nne, kisanduku kikazima hita ya mtoto, kikawapelekea joto wanaosukwa.

"Nani amefanya hivi?" Nilijua ni nani. Sufu ya manjano ilikuwa imening'inia kwenye sindano zake.

"Mimi," akasema Bi Fauzia. Hakuangalia chini. "Tangu Ijumaa. Kinawaka taa, kisha mambo ya chumba cha mzazi yanasomwa na watu barabarani. Mwanamke mmoja kaja kusukwa, ananiambia mimi chumba chetu kina joto kiasi gani. Mtoto hajafika arobaini. Hajatolewa nje. Wewe unamtoa kila saa. Nikakifunika kisichungulie."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia Alhamisi. Ukaniambia ni sayansi."

Nilikuwa nimesema hivyo. Nilifungua kinywa kusema na mengine, maana hasira yangu haijawahi kukosa maneno, na maneno yalikuwa tayari: juu ya ujinga, juu ya gramu hamsini, juu ya watu wanaovisha mashine kofia. Mama Glody aliniwekea mkono begani. Lakini aliyenizima ni dada, nyuma ya pazia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mimi ndimi niliyekuwa humu, Naseeb. Hukuniuliza mimi. Ulikiuliza kisanduku."

Mtoto akapiga chafya, moja, ndogo kama ya paka.

Sikwenda kazini siku ile. Nilikwenda Doornfontein na kurudi, mbio, robot zote, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, nikachukua waya mrefu, nikampita Pacifique bila kumweleza. Alitazama waya, akatazama uso wangu, akaniongezea kipande kingine. Nikatenga kihisi na kidude, kama nilivyoambiwa mwezi Mei. Taa ya kijani niliing'oa kabisa. Kidude nilikitoa nje ya chumba, nikakifunga koridoni, karibu na kisanduku. Kihisi kikaingia peke yake, kimening'inia kwenye waya wake kama popo, hakina sura, na Mama Glody akakitundika kwa maelekezo yangu ya nje ya pazia: kushoto kidogo, mbali na dirisha, kimo cha kitanda, si juu.

Kipimo cha kwanza kilikuja: nyuzi kumi na nane na nusu. Niliketi sakafuni koridoni.

Hita iliwaka saa ileile, ikawaka mchana mzima. Mama Glody akavaa sweta yake. Jambo moja zaidi nilifanya, na hilo halikuwa kwenye mchoro wowote. Nilipitisha swichi chini ya mlango, swichi ya kawaida ya taa ya kitandani. Nilimwambia dada akiibonyeza, hita inawaka nusu saa, hata vihisi viseme nini, vya ndani na vya nje. Akauliza kama haitaharibu mahesabu yangu. Nikasema itayaharibu.

Aliibonyeza mara tatu jioni ile. Kila mara nilisikia hita ikiitika, na kila mara nilitaka kukimbilia simu nione nani yuko sahihi, yeye au kihisi. Alhamisi alibonyeza mara moja. Kundi la simu lilikuwa linauliza mbona kimya, profesa amelala? Sikujibu.

Ijumaa nilikuwa tena kwenye uzio wa kliniki. Nilihesabu magari meupe, nikaacha, nikahesabu mekundu. Walikaa ndani saa nzima na robo. Kila mlango ulipofunguka nilinyooka. Mwishowe Bi Fauzia akatangulia, uso wake haunionyeshi kitu, na nyuma yake dada, amejitanda kanga mbili na blanketi, mtoto ndani kabisa, anaonekana kofia tu. Ya manjano.

Dada alisimama mbele yangu. Alifunua blanketi chini, upande wa miguu, kidogo tu kiasi cha vidole kupita.

"Shika," akasema.

Nilimtazama Bi Fauzia. Akageuza uso akaangalia barabara, kana kwamba ameona mtu anayemjua.

Nikaingiza mkono. Sikuwa nimewahi kumgusa. Mguu wote ulienea kati ya vidole vyangu viwili, na ulikuwa wa moto, ukanipiga teke.

"Mbili na themanini," dada akasema. "Hajafika alipoanzia. Lakini anapanda. Hatumrudishi. Tuje tena Jumanne."

Nilisema alhamdulillahi, nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Simu ilikuwa mkononi tayari, kundi limefunguka, kidole gumba kiko juu ya herufi. Gramu arobaini tangu Jumatatu. Nilikuwa na haki ya kuzisema. Nikairudisha mfukoni.

Tulipofika nyumbani Mama Glody alitoka mpaka getini, mikono imejaa mafuta ya nywele, akamwacha mteja nusu ya kichwa. Dada na Bi Fauzia walikuwa bado wanashuka kwenye gari, nami nilikuwa nimeshatangulia.

"Ingénieur, ni ngapi?"

"Muulize mama yake," nikasema, nikashikilia geti lisijifunge.